Siku Niliyoomba Baraka Hewani

Kwanza vueni bangili. Kabla sijawaambia mimi ni nani wala kazi hii niliifanya kwa miaka mingapi, vueni bangili, toeni funguo mfukoni, na kama mchana mmekula maharage, kaeni mbali na maiki mpaka jioni. Maiki haichagui. Inachukua neno ambalo nchi nzima inalisubiri, na inachukua tumbo lako vilevile.

Sasa tusalimiane. Naitwa Mama Anaeli, Mmeru wa kuzaliwa, niliyeolewa kwa Waarusha, mkazi wa Olasiti, mstaafu. Nilikuwa mtayarishaji wa vipindi katika studio ya Arusha ya redio ya taifa, ile redio ya maneno matupu. Muziki kwetu ulikuwa sekunde kumi za kufungulia kipindi, basi. Aliyetaka kucheza alitafuta stesheni nyingine. Sisi tulisema: habari, mahojiano, kilimo, afya, watoto, mchezo wa redio, matangazo ya vifo. Tulisema tangu alfajiri hadi watu wakaingiza ng'ombe zizini, na ninyi mnaoanza leo, wenye studio nzima ndani ya simu, mnaniuliza kila mara eti ilikuwaje kusema kutwa nzima. Ilikuwa raha, wanangu. Ilikuwa raha ya kumtoa mtu jasho.

Wiki yangu ya kwanza nilisahau kufunga maiki. Mtangazaji alikuwa amemaliza kusoma tangazo la kifo, na mnajua yanavyokuwa: marehemu ni mmoja, lakini watoto, wakwe, wajukuu, mashemeji na majirani wote lazima watajwe, na wale walioko mikoani wajulishwe kwa majina. Lile lilichukua ukurasa mzima na nusu. Nikashusha pumzi, nikasema, "Jamani, huyu marehemu ametuachia sensa." Nchi nzima ilinisikia. Kesho yake asubuhi, saa mbili, watu sita wa ukoo ule walikuwa wamesimama getini. Nilitoka nje nikiwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi kichwani. Mkubwa wao akavua kofia, akanipa kikaratasi, akasema, "Dada, shukrani kwa jana. Ila kuna wawili tuliwasahau, na wamekasirika."

Aliyeniokoa na makosa kama hayo, siku nyingi, alikuwa Fundi Gurdip. Huyu ndiye aliyekuwa fundi mitambo wetu, Singasinga mzaliwa wa hapa hapa Arusha. Baba yake alikuwa na karakana ya magari, na Gurdip akiwa mdogo alijifunza Kimaasai kwa wateja kabla hajajua kusoma saa. Lakini alipojifunza kusoma saa, hakuacha tena. Kila asubuhi aliifuta saa ya ukutani kwa kitambaa cheupe, akaisahihisha, akaitazama kidogo kama anaiuliza imelalaje. Aliniita, akanikalisha mbele ya mitambo, akasema, "Mama, kitufe kwanza, mdomo baadaye. Ukishazoea hilo, nitakufundisha la pili."

La pili alinifundisha baada ya miezi sita. "Saa kamili si yako," alisema. "Si yangu. Ni ya taifa. Ikifika saa kamili, hata kama anaongea mkwe wako, tunarudisha matangazo makao makuu, wanasoma habari. Hatuchelewi." Na yeye hakuwahi kuchelewa. Aliwahi kumkatiza mkuu wa wilaya katikati ya ahadi. Aliwahi kumkatiza mchungaji aliyekuwa ameshafumba macho, na Jumapili iliyofuata mchungaji huyo akalisimulia kanisani, watu wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Nataka mlishike hilo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa uzito wa nilichokuja kukifanya.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla sijastaafu. Ilikuja barua kutoka makao makuu. Ilisema studio za mikoani zinaangaliwa upya, kwamba studio ya Arusha itapewa siku moja, Alhamisi, kuendesha peke yake vipindi vya nchi nzima tangu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na kila saa kamili tutawarudishia wao kwa ajili ya habari. Mkaguzi atakuja kukaa nasi kutwa. Akiridhika, studio itabaki. Asiporidhika, mitambo itapakiwa kwenye lori na sisi saba tutahamishiwa kunakostahili. Gurdip aliisoma mara mbili. Akauliza, "Kunakostahili ni wapi?" Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa na migomba inayozaa, mume asiyejua hata kuchemsha chai, na kazi niliyoipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu yeyote. Niliogopa. Nawaambia wazi, niliogopa mpaka nikakosa hamu ya kula kwa siku tatu, na mimi si mtu wa kukosa hamu ya kula.

Mkaguzi alifika Alhamisi kabla jua halijachomoza. Bwana Seif, mtu wa pwani, mpole, shati limenyooshwa, na shingoni amening'iniza saa ya kuhesabia sekunde. Alitusalimia mmoja mmoja, akaulizia na watoto, halafu akasema, "Mimi ni mgeni tu hapa, msinijali." Sijawahi kusikia maneno ya kutisha kama hayo.

Vijana, mkikaguliwa msijionyeshe. Fanyeni kazi yenu ya kila siku. Sisi tulijionyesha. Mchezo wa redio tungeweza kuurekodi wiki nzima kabla, lakini nilisema hapana, tutaucheza moja kwa moja, wajue Arusha kuna watu. Ule mchezo ulihitaji mvua kubwa. Leo mnabonyeza kompyuta mvua inanyesha. Zamani tulipepeta mchele kwenye ungo, na mchele unatoa manyunyu mazuri kabisa, lakini mvua ya masika hautoi. Mvua ya masika ni mafuta ya moto. Gurdip alikuwa ameligundua hilo nyumbani kwake, jikoni kwa mkewe, kwamba bhajia zikitumbukia kwenye karai, ukisogeza maiki kwa umbali wa dhiraa moja, utaapa unasikia bati la nyumba ya Tengeru mwezi wa Aprili.

Basi saa nne asubuhi, mbele ya mkaguzi, Fundi Gurdip aliweka jiko la umeme kwenye korido, akafunga aproni ya mkewe juu ya shati la kazi, akaanza kunyesha. Mvua ilitoka safi. Tatizo lilikuwa harufu. Waigizaji wanne walikuwa kazini tangu saa kumi na moja alfajiri na hawajala kitu. Mwigizaji aliyekuwa anakufa kwa njaa, kwenye mchezo, aliigiza vizuri kuliko siku zote, na tumbo lake likanguruma mara mbili likasikika mpaka mwisho wa nchi. Baba wa familia akaruka mstari mzima. Mama akamwambia, "Mume wangu, naona mvua inaiva," badala ya inapungua. Mchezo ulipoisha, kabla taa nyekundu haijazimika vizuri, walikuwa wameshatoka koridoni. Tuliila mvua yote. Bwana Seif alipewa mbili kwenye karatasi. Alizila, akajifuta vidole kimoja kimoja, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kabla ya hapo tulikuwa na watoto, kumi na wawili kutoka Daraja Mbili, wamevaa soksi zao safi kama kwamba redio ingewaonyesha. Kanuni ya kipindi cha watoto ni moja: usimuulize mtoto swali la wazi hewani. Muulize ana miaka mingapi, anapenda somo gani. Mtangazaji wetu, Tumaini, kijana wa mjini mwenye sauti ya asali na haraka ya pikipiki, akamuuliza msichana mmoja, "Je, una swali lolote?" Mtoto akanyoosha kidole kwenye kioo, upande wetu wa mitambo, akasema, "Yule babu mwenye saa shingoni ni refa?"

Nikamwangalia Bwana Seif. Tumaini akamwangalia Bwana Seif. Watoto wote kumi na wawili wakamwangalia Bwana Seif. Na yule mtoto, kwa sababu hakujibiwa, akaongeza, "Mbona hatupigi mpira?" Nilijibana nyuma ya kabati la faili nikacheka mpaka mbavu zikauma, na hofu yangu yote ya siku tatu ikatoka na kicheko kile. Nadhani ndiyo maana mchana nilifanya nilichofanya. Nilikuwa nimelewa furaha. Nilijiona siku nimeshaishinda.

Saa sita na nusu kilikuwa kipindi cha kilimo na mifugo, na mgeni alikuwa Mzee Lomayani wa Oldonyo Sambu. Mwarusha, mfugaji, mzee wa kanisa, mwenye mabega yaliyonyooka ingawa wajukuu wake wenyewe wana watoto. Mambo mawili muyajue juu yake. La kwanza, alikuwa rika moja na baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu mimi ni baba mkwe, na niliolewa katika nyumba ambayo mke hamkatizi baba mkwe hata kama nyumba inaungua. La pili, alikuwa mzungumzaji wa ajabu. Juma moja kabla nilimfuata kwake na Tumaini tukafanya naye mazoezi. Ukimuuliza swali, anajibu, anamaliza, ananyamaza. Hakuna "kama nilivyotangulia kusema", hakuna "nipende kuchukua fursa hii". Wageni wa namna hiyo ni wawili au watatu katika maisha ya mtayarishaji.

Alieleza hewani jinsi ya kumtambua ng'ombe atakayestahimili ukame, kwa nini usiuze punda wakati wa njaa, na majani gani ya mlimani mbuzi akiyala lazima umkimbize kwenye maji. Alieleza vizuri mno, na kwa ufupi mno, hata akamaliza mapema. Nikatazama saa. Zilibaki sekunde hamsini kufika saa saba.

Sekunde hamsini tupu hewani ni ndefu kama uwanja wa ndege. Kwa hiyo kila mtayarishaji mwenye akili huwa na kadi za kujazia. Mimi nilikuwa nazo mkobani, nyingi tu: jinsi ya kuhifadhi parachichi, umuhimu wa kuchemsha maji, namna ya kumkinga kuku na kideri. Nilichotakiwa kufanya ni kupenyeza kadi moja kwa Tumaini, aisome taratibu, tuingie kwenye habari kwa heshima. Badala yake nikabonyeza kitufe cha kuongea masikioni mwake, nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba bhajia, "Tumaini, mwombe mzee atubariki kidogo. Sekunde hamsini."

Ninyi wa huku mnajua nilichokosea. Wa kwingine niwaeleze. Mzee wa Kiarusha ukimwomba baraka, haombwi kidogo. Baraka haina kidogo. Anabariki mpaka imeisha, sentensi moja baada ya nyingine, na baada ya kila sentensi waliopo wanaitikia kwa pamoja, "Naai," yaani wanamwita Mungu aipokee. Baraka haikatwi katikati. Ukiikata, ni kama umeirudisha, na hakuna anayetaka kujua inarudi kwa nani. Mimi nililijua hilo tangu nilipoolewa. Nimeitikia baraka kwenye harusi, tohara na nyumba mpya mara zisizohesabika. Na bado nikasema kidogo.

"Mzee," Tumaini akasema, "kabla hatujaachana, tunaomba utubariki kidogo."

"Kidogo?" Mzee Lomayani akauliza.

"Ndiyo, mzee."

Mzee akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu, akachukua fimbo yake, akasimama. Nilipomwona anasimama, nikaigeukia saa ya ukutani.

"Mungu awape mvua isiyobomoa," akasema.

"Naai," Tumaini akaitikia, peke yake, kwa kisauti chembamba.

Mzee akanyamaza. Akatutazama kupitia kioo, sisi watatu wa chumba cha mitambo, mmoja mmoja. Hakuendelea. Alikuwa anasubiri, na hakuwa mtu wa kuharakishwa katika kusubiri. Hewani kukawa kimya, sekunde tatu, nne, tano, na kimya redioni ni dhambi kubwa kuliko zote. Nikafanya kosa la pili la siku hiyo. Nikafungua maiki ya chumba cha mitambo ili na sisi tusikike.

"Naai," tukasema.

Mzee akatikisa kichwa, ameridhika, akaendelea. Mlima huu uwafunike. Naai. Ng'ombe wenu wazae majike. Naai. Wake zenu wajifungue salama, na aliyekosa mtoto asikose wa kumwita mama. Naai. Wanaosafiri sasa hivi barabarani wafike. Naai. Mshale wa sekunde ulikuwa unakimbilia juu. Zilibaki kumi na tano. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitufe cha kufunga maiki ya mzee, na mkono wa Gurdip kwenye kitufe cha kurudisha matangazo makao makuu. Vidole vyangu vilikuwa vinatetemeka. Niliwaza lori. Niliwaza mitambo inapakiwa. Nikawaza baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, akisikia huko aliko kwamba mkaza mwanawe amemfunga mdomo mwenzake akiwa amesimama mbele za Mungu.

Nikamgeukia Gurdip aniamulie. Miaka yote ile hakuwahi kuchelewa hata nukta. Saa yake ya ukutani ilionyesha saa saba kamili. Fundi Gurdip alikuwa ameuondoa mkono kwenye kitufe, ameuweka kifuani.

"Naai," akasema, na macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Basi. Nikautoa na wa kwangu.

Taa ya simu ya makao makuu ikaanza kuwaka na kuzimika. Simu ile haikuwa na kengele, ni taa tu, na ilivyowaka ilionekana imekasirika. Mimi sikuipokea. Gurdip hakuipokea. Bwana Seif akanyanyuka kwenye kiti chake cha pembeni, akainyakua. Nilisikia sauti ya upande wa pili kwa sababu huyo mtu alikuwa anafoka. "Arusha, kuna nini huko? Msomaji wa habari amekaa. Tukate? Bwana Seif, toa amri, tukate?"

Bwana Seif akafungua mdomo. Na wakati huohuo, upande wa pili wa kioo, Mzee Lomayani alikuwa anamalizia: "Na wazazi wenu walio hai, mkawakute bado wanakumbuka majina yenu."

"Naai," Bwana Seif akasema, ndani ya simu.

Kukawa kimya huko makao makuu. Sijui walifikiri nini. Labda walidhani ni jina la mtu, au ni amri mpya ambayo hawajapata waraka wake. Hawakukata. Bwana Seif akabaki ameshika simu sikioni, saa yake ya shingoni inahesabu, na kila sentensi ilipoisha, aliitikia na sisi, mwanzoni kwa kunong'ona, mwishoni kwa sauti yake yote ya pwani. Mzee akabariki waliofungulia redio na waliozima. Akabariki nguzo zinazobeba sauti na waya ulio chini ya ardhi. Akainama, akaibariki maiki yenyewe, akaitemea mate kidogo, ya baraka, kama inavyotakiwa. Nikamsikia Gurdip akivuta pumzi kwa nguvu, maana maiki ile alikuwa haruhusu mtu aipulize hata vumbi. Lakini aliitikia.

Tulichelewa dakika nne na sekunde kumi na moja. Kisha mzee akakaa, akavaa hedifoni zake, akamwambia Tumaini, "Sasa endelea na kazi."

"Ni saa saba," Tumaini akasema, "na dakika nne. Sasa ni taarifa ya habari."

Tukawarudishia makao makuu. Kisha Tumaini akaanza kucheka, na mimi nikamfuata, kicheko kile kibaya ambacho ukijaribu kukizuia kinatokea puani. Gurdip akachukua kile kitambaa cheupe akaifuata maiki, akaitazama, akakirudisha kitambaa mfukoni bila kuifuta. Hakuifuta mpaka Jumatatu.

Bwana Seif hakucheka. Alikaa akaandika, kurasa mbili. Nilimwendea. Vijana, ukiharibu, nenda mwenyewe kabla hujaitwa. Nikasimama mbele yake nikasema, "Bwana Seif, Tumaini hana kosa, na fundi hana kosa. Aliyeomba baraka ni mimi."

"Na kwa nini hukukata?"

"Kwa sababu niliomba mimi."

Akarudi kwenye daftari lake. "Hilo litabidi liandikwe," akasema, na kweli liliandikwa. Baadaye nilipokea barua ya onyo, na kosa lililoandikwa humo ni "kuomba baraka hewani bila kibali". Mume wangu aliisoma kwa sauti kwa wageni kwa miaka. Lakini siku ile sikuwaza onyo. Nilichojua ni kwamba tulipewa siku moja ya kuonyesha kwamba tunaweza kuendesha redio ya nchi, na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimeichelewesha nchi.

Mchana ule wote tulifanya kazi kama watu wanaosafisha nyumba ambayo wameshapewa notisi ya kuhama, na hapo, kwa maajabu, ndipo kazi yetu ilipokuwa nzuri kuliko zote. Muuguzi alieleza kuhara kwa watoto bila kutaja neno moja gumu. Mtangazaji wa mpira akasimulia mechi ya mchangani hata mimi, nisiyejua kona wala penalti, nikasimama. Matangazo ya vifo yalisomwa na Tumaini polepole, kila mkwe na kila jirani, hakuruka hata mmoja. Mama mmoja alipiga simu kutoka mbali sana, Lindi huko, akasema alikuwa anakaanga samaki mchana, akaitikia zile Naai zote, na sasa anaomba aambiwe ameitikia nini. Nikamweleza. Akasema, "Haya, basi ni sawa," akakata simu.

Mzee Lomayani hakuondoka. Gari la kumrudisha Oldonyo Sambu lilikuwa moja tu, lile lile la ofisi, na halikuwa na nafasi mpaka tufunge. Alikaa koridoni na chai yake, karibu na karai la bhajia lililopoa, akisikiliza kila kipindi kwenye spika ya ukutani. Kila Gurdip alipopita walisemezana Kimaasai. Sijui waliongea nini. Wote wawili walionekana watu wasio na shida.

Saa kumi na mbili tulifunga. Tumaini aliaga nchi, tukawarudishia makao makuu kwa mara ya mwisho, kwa nukta, sawasawa kabisa. Tukatoka nje sote kumsindikiza mzee. Jua lilikuwa bado lipo na kilele cha Meru kilikuwa wazi, jambo ambalo jioni si la kawaida. Bwana Seif alikuja nyuma yetu na mkoba wake na daftari lake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Nikamfungulia mzee mlango wa gari. "Baba, asante," nikasema. "Na utusamehe kama tulikupa usumbufu."

"Hakuna usumbufu, mwanangu," akasema. "Ila na wewe unisamehe. Nilifupisha."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulifupisha, baba?"

"Nilikuona pale kwenye kioo mkono unatetemeka. Nikajua una haraka, nikaruka sehemu." Akaielekeza fimbo kwenye jengo letu, lile dogo, na bati lake lenye kutu, na sisi saba tuliosimama mbele yake. "Nimebariki wanaosikiliza. Wanaofanya kazi humu sijawabariki. Hiyo imebaki. Nitarudi kuimaliza."

Nikaushikilia mlango wa gari. Ningemwambia nini? Kwamba akirudi anaweza kukuta kufuli mlangoni? Gurdip aliangalia chini. Tumaini alikuwa anachezea funguo za gari mfukoni.

Ndipo Bwana Seif akasogea. Akafungua daftari lake kwenye ukurasa mpya, akatoa kalamu, akamwinamia mzee kwa adabu, kama mtu anayezungumza na baba yake mwenyewe.

"Shikamoo tena, mzee," akasema. "Utarudi lini, niwaandikie hawa kwenye ratiba?"

Mzee akafikiri. Akasema atarudi baada ya mavuno ya mahindi, siku yoyote isiyo ya mnada.

Bwana Seif akaandika. Kisha akamuuliza atahitaji dakika ngapi.